Kazi ya Moyo na Kazi ya Mshahara

Mwezi wa Desemba mwaka 2024, siku mbili kabla ya Krismasi, binti yangu kitinda mimba alifika nyumbani kutoka Nairobi. Alingoja mpaka tulipokwisha kula chakula cha jioni, ndipo akasema, "Baba, nina neno la kuwaambia wewe na mama. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mnijibu." Mzazi ye yote mwenye binti ambaye hajaolewa ajua jinsi moyo unavyokwenda mbio akisikia maneno ya namna hiyo. Lakini halikuwa jambo la mume. Alitaka kuacha kazi yake ya uhasibu katika kampuni moja, kazi yenye mshahara wa shilingi 38,000 kwa mwezi, ili awe mshona nguo mjini Embu.

Mama yake alishika kichwa. Mimi sikusema neno. Nilitoka nje nikasimama penye migrivilea yangu, ile miti tuliyofundishwa kuipanda ili iitie kahawa kivuli, nikakumbuka kwamba miaka arobaini na saba iliyopita neno kama hilo lilisemwa katika boma hili hili. Siku hizo msemaji alikuwa mimi, na aliyeshika kichwa alikuwa baba.

Nataka kuwaeleza wasomaji habari za mambo hayo mawili, si kwa kuwa mimi ni mtu wa maana, bali kwa sababu naona swali la kazi ipendwayo na kazi iletayo fedha huulizwa vibaya. Huulizwa kana kwamba ni shauri la mtu mmoja na moyo wake. Mimi nimekutana nalo mara mbili, na mara zote mbili waliokuwa wakingoja jibu walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa watoto wasiojua hata kwamba wanangoja.

Nilizaliwa mwaka 1957 katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu. Miaka hiyo ndipo watu wetu walipokuwa wakipanda kahawa kwa wingi. Kabla ya hapo zao hilo lilikuwa la masetla; Waafrika wa mahali pachache, kama Meru na Kisii, walianza kuruhusiwa katika miaka ya 1930, tena kwa miti ya kuhesabika. Ulipokuja mpango wa Bwana Swynnerton mwaka 1954 mlango ulifunguka zaidi, na baba akapanda mikahawa mia tatu. Kwa mikahawa hiyo nilisomeshwa mpaka kidato cha nne, nikamaliza mwaka 1975 nikiwa na cheti cha daraja la tatu. Nilikuwa mtoto wa kwanza. Nyuma yangu walikuwapo watano.

Hapo ndipo nilipomshangaza baba kwa mara ya kwanza. Badala ya kuandika barua za kuomba kazi katika maafisi ya serikali, nilikwenda kwa seremala mmoja mzee aliyekuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko la Embu, nikamwomba anifundishe. Kwa siku zile jambo hilo lilikuwa kama aibu. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilikuwa limetoa taarifa iliyouliza watoto wafanye kazi gani wamalizapo shule, na kutokana na shauri hilo vikaanzishwa vyuo vya ufundi vya vijiji. Lakini wazazi wengi waliviona kuwa ni mahali pa watoto walioanguka mtihani. Kijana aliyefika kidato cha nne, ajuaye kusoma gazeti la Kiingereza, kwenda kushika msumeno pamoja nao! Jirani zetu walidhani nimerogwa.

Fundi yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Miezi mitatu ya kwanza hakunipa hata kipande cha mbao. Nilifagia maranda, nilichemsha gundi, na nilinoa. Nilinoa patasi, nilinoa chuma cha randa, nilitia meno ya msumeno tupa, na kila jioni aliyapima makali kwa kunyoa malaika ya mkono wake mwenyewe. Yasiponyoa, alinirudishia kinoo bila kusema neno. Mwezi wa nne alinipa kipande cha mvule akaniambia nikipige randa mpaka nikiwekapo juu ya kioo nisione mwanga wo wote chini yake. Kazi hiyo ilinichukua siku tisa. Nilijifunza kuangalia jinsi nyuzi za mti zinavyolala, maana ukizipinga randa hung'oa vipande badala ya kulainisha, na nilijifunza kusikiliza, maana randa inayokata sawasawa ina sauti yake. Hata leo nikipita penye karakana naijua sauti hiyo kabla sijamwona anayefanya kazi.

Mwaka mmoja ulipopita nilitengeneza sanduku la nguo ambalo pembe zake zilikatwa meno yakaumana, halikuwa na msumari hata mmoja. Fundi aliligeuza huku na huku, akalikalia, akasema, "Litamzika mwenyewe." Kwa fundi yule hizo zilikuwa sifa kubwa kupita cheti. Wala sitaona haya kuwaambia wasomaji kwamba usiku ule niliamka mara mbili nikawasha taa nilitazame.

Lakini fedha hazikuwapo. Mwanafunzi wa ufundi hakulipwa. Alipewa chakula cha mchana, na siku za soko senti chache. Fundi mwenyewe alikuwa amenieleza wazi: "Mwaka wa kwanza unanila mimi. Mwaka wa pili tunakula sawa. Mwaka wa tatu, kama hujakimbia, utakula chako." Hesabu hiyo niliiona kuwa ya haki. Kosa langu ni kwamba niliipigia moyo wangu tu.

Sasa sikilizeni mambo ya dunia yanavyoingia katika boma la mtu bila kubisha hodi. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliiunguza mikahawa ya Brazil, nchi inayotoa kahawa nyingi kupita nchi zote. Sisi Embu hatukuwa na habari. Lakini kufika mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda zaidi ya mara nne, na fedha zikaingia vijijini mwetu kama maji ya masika. Watu walivua nyasi mapaani wakaezeka mabati. Wasiokuwa na baiskeli walinunua, na wenye baiskeli wakaulizia bei ya gari. Chama cha ushirika cha wakulima wetu kikahitaji makarani wa kuandika kilo za kila mkulima, na baba, ambaye alikuwa na rafiki katika halmashauri, akaniletea habari kwamba nafasi moja imewekwa kwa ajili yangu. Mshahara ulikuwa shilingi 420 kwa mwezi.

Nilimwambia baba kwamba mimi napenda useremala, naomba anivumilie mwaka mmoja na nusu. Alishika kichwa, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mchagua jembe si mkulima."

Wengi wetu tumelelewa na methali hiyo, na mpaka leo sikubaliani nayo. Mkulima gani huyo asiyechagua jembe? Nendeni sokoni mkawaone wakulima wa kweli wanavyogonga jembe kwa ukucha, wanalipima uzito, wanatazama shimo la mpini. Lakini baba hakuwa akisema juu ya majembe. Baada ya methali aliwataja ndugu zangu watano, jina baada ya jina, na darasa la kila mmoja. Alisema bei hii ya kahawa aliyoileta Mungu yaweza kuondoka kama ilivyokuja, na kwamba lazima katika nyumba awepo mtu mmoja ambaye fedha yake haingoji mvua. Hakunikaripia. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenikaripia.

Jumatatu iliyofuata nilimrudishia fundi chuma cha randa nilichokuwa nikikitumia. Alikifunga tena katika karatasi ya mafuta akanipa. "Chuma hakiozi," akasema. Nikaenda kuwa karani.

Sasa, kama ningekuwa mtunga hadithi ningesema kwamba nilikaa afisini miaka ishirini na moja nikiwa na huzuni. Haikuwa hivyo, na hili ni jambo ambalo vijana wanaosifu kazi ya moyo hawapendi kulisikia. Mwaka wa kwanza niliichukia ile meza. Mwaka wa pili niliizoea. Kisha, sijui ni lini hasa, niligundua kwamba kitabu cha hesabu nacho kina nyuzi zake. Mkulima huleta matunda mekundu ya kahawa kiwandani, yanapimwa, na kilo zake zinaandikwa. Na kwa kuwa yahitajiwa kilo sita au saba za matunda kupata kilo moja ya kahawa safi, na malipo huja baada ya miezi mingi, mkulima hana ushahidi mwingine duniani ila kalamu ya karani. Karani akiandika 41 badala ya 47, mjane mmoja amelala bila sukari asijue aliyemwibia. Nilianza kuona fahari kwamba safu zangu zilikuwa sawa, kama ule mvule juu ya kioo. Palikuwa na mama mmoja mzee asiyejua kusoma, aliyekubali kupimiwa siku za zamu yangu tu. Jambo hilo lilinipa furaha iliyofanana kabisa na ile ya sanduku.

Na ndugu zangu watano walisoma. Wawili ni walimu waliostaafu, mmoja alikuwa muuguzi. Siku ya mazishi ya baba, mwaka 1986, yule muuguzi alisema mbele ya watu kwamba kalamu yangu ndiyo iliyomvika sare yake. Nani awezaye kuja kuniambia nilichagua vibaya?

Hata hivyo ile hamu haikwisha. Nilikuwa nimesoma habari za Sheikh Shaaban Robert wa Tanga, aliyeingia katika kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka thelathini, na huku akitunga mashairi na vitabu vilivyomfanya awe bingwa wa lugha yetu. Nikajiambia, kama karani aweza kuwa mshairi wakati wa usiku, karani mwingine aweza kuwa seremala siku ya Jumamosi. Nilijenga kibanda nyuma ya nyumba nikanunua jiriwa. Lakini niliona kwamba ushairi na useremala si sawa kwa jambo hili. Mshairi aweza kutembea na ubeti wake kichwani akiwa afisini, akaugeuza na kuulainisha huku anapiga mihuri. Mbao haiwi kichwani. Mbao yataka mwanga wa mchana, mikono isiyochoka, na siku tatu mfululizo gundi isijekauka vibaya. Katika miaka ishirini na moja nilitengeneza vitanda viwili, kabati moja, na viti ambavyo havikutimia sita.

Tena mwezi wa Julai 1989 dunia iliingia bomani mara ya pili bila hodi. Mataifa yanayouza kahawa na yanayoinunua yalikuwa na mapatano ya kugawana kiasi cha kuuza ili bei isishuke. Mwezi huo mapatano hayo ya viwango yalivunjika, na kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeanguka karibu nusu. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa kahawa zaidi ya tani 120,000. Miaka mingi ya karibuni haikufika hata tani 50,000. Sheria ilikataza kung'oa mikahawa, basi watu wakapanda mahindi na maharagwe katikati yake, na wengine waliing'oa usiku. Katika chama chetu mishahara ilianza kuchelewa mwezi mmoja, kisha miwili, kisha minne; kukawa na ugomvi, chama kikagawanyika, na mwaka 1998 niliambiwa nikabidhi vitabu. Haki yangu ya miaka ishirini na moja sijailipwa hata leo, na nimeacha kuitaja kwa sababu inaniharibia usingizi.

Hivyo ile kazi ambayo baba aliichagua kwa kuwa fedha yake haingoji mvua, kumbe ilikuwa ikiingoja mvua ya nchi nyingine. Simlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiandika bei kila msimu na sikuiona.

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Nilikifungua kile chuma katika karatasi yake ya mafuta, na fundi alisema kweli, hakikuwa kimeoza. Nikajiambia, sasa Mungu amenirudisha mahali pangu. Na hapa ndipo nilipofundishwa somo ambalo nisingeliamini kama lingesemwa na mtu mwingine. Niliyempenda nilimkuta amevaa nguo nyingine. Wateja hawakutaka sanduku la kumzika mwenyewe. Walitaka kitanda cha haraka, cha misumari, cha bei ya chini. Nilitengeneza madawati ya shule kwa zabuni, na majeneza, maana miaka ile, wasomaji wanakumbuka, majeneza ndiyo yaliyokuwa na soko la hakika. Mbao nazo zilipanda bei kila mara misitu ya serikali ilipofungwa, kama mwaka 1999 na tena mwezi wa Februari 2018. Sauti ya randa ilikuwa ile ile, lakini niliisikia huku nikihesabu, na mtu anayehesabu hasikilizi vizuri. Miaka minne ya kwanza kibanda changu hakikuweza kulisha nyumba. Katika mwaka wa tano kilianza kuchangia. Leo najua kupiga randa kuliko nilivyojua nikiwa kijana, na nalipenda kazi hilo tena, ila ni mapenzi ya watu waliokwisha kugombana.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri pale penye migrivilea, usiku ule binti yetu aliposema neno lake. Niliporudi ndani nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilitaka kusema, mwache mtoto afuate moyo wake, kwa maana mshahara nao ni kamari. Nilidhani nitaonekana mzazi wa kisasa mwenye hekima. Nikalisema.

Mke wangu aliweka kikombe chini. "Miaka ile minne," akasema, "ulipokuwa ukijifunza upya, nyumba hii ilikula nini?"

Nilijibu kwamba tulikula tulichokuwa nacho.

"Tulikula maziwa ya ng'ombe wangu na sukuma wiki yangu," akasema. "Niliamka saa kumi za usiku nikabeba madebe mpaka barabarani. Karo ya wakubwa niliilipa mimi. Nilikuwa na mimba ya mtoto aliyetoka, nikabeba madebe. Sikukunung'unikia. Lakini mwaka 1998 hukuniuliza. Ulisema Mungu amekurudisha mahali pako."

Wasomaji, nimeketi katika mabaraza mengi, nimepigwa maswali na wakaguzi wa hesabu wenye macho makali, lakini sijapata kukosa jibu kama usiku ule. Ilikuwa kweli, kila neno. Katika vitabu vyangu vyote nilivyoviandika kwa uaminifu hakukuwa na safu ya mke wangu. Yule fundi mzee alikuwa ameniambia waziwazi tangu 1976 kwamba ufundi una miaka yake ya kungoja, na kwamba katika miaka hiyo lazima mtu fulani aliwe. Baba alilijua hilo; ndiyo sababu aliwataja ndugu zangu kwa majina. Mimi peke yangu, karani hodari, ndiye niliyesahau kuuliza ni nani.

Basi tulianza upya, safari hii kwa njia ya karani. Nilileta daftari, tukawasha taa ya pili, na sote watatu tukaketi mezani mpaka saa sita za usiku. Tuliandika kwanza wale wanaokula mshahara wa binti yetu. Alikuwapo yeye mwenyewe. Alikuwapo mtoto wa kaka yake, yaani mwanangu aliyefariki, ambaye alikuwa akimaliza kidato cha pili na karo yake ilitoka kwa shangazi yake. Ilikuwapo dawa ya mama ya shinikizo la damu. Na yalikuwapo malipo ya mkopo aliosomea. Kisha tuliandika gharama za kazi mpya: cherehani ya umeme iliyotumika, shilingi 28,000, kodi ya kibanda, 6,000 kwa mwezi, meza ya kukatia, pasi, uzi, mkasi mzuri. Nilimwuliza ni nani atakayenunua gauni lake kwa shilingi elfu mbili wakati gauni la mtumba lapatikana kwa mia na hamsini. Nililiuliza kwa ukali, kwa sababu nakumbuka viwanda vya nguo vya nchi hii vilivyofungwa katika miaka ya 1990 mitumba ilipofunguliwa mlango.

Alikuwa na jibu. Alisema kwa mwaka mzima, kila alipokuja nyumbani, alikuwa akizunguka sokoni akiwahesabu wanaonunua mitumba na kuwauliza nguo zinawakaa namna gani. Nguo za mitumba zimekatwa kwa miili ya watu wengine. Kiuno kikiwa sawa mikono ni mirefu, mabega yakiwa sawa kifua kimebana. Kwa hiyo aliyenunua gauni la mia na hamsini yu tayari kutoa mia nyingine likatwe limkae. Hakutaka kushindana na mitumba. Alitaka kuirekebisha, na kutokana na wateja hao apate wale wa sare za shule na wa vitambaa vya akina mama wa kanisa. Kisha akafungua begi akatoa koti la mtumba alilolifumua lote na kulishona upya. Mimi si mjuzi wa nguo. Lakini nililigeuza nikautazama upande wa ndani, mahali ambapo mteja hatazami, na mishono ilikuwa imelala sawa kama ile ya nje. Nilimpa mama yake. Alilitazama muda mrefu, naye hakusema kitu, ila hakulirudisha.

Masharti aliyaweka mama, wala si mimi. Alisema miezi kumi na minane, na hapana hata mmoja zaidi bila kukaa tena mezani. Karo ya mtoto isikatike hata muhula mmoja; ikikosekana kwake, itoke kwangu. Tena alitaka nitaje mbele ya binti yetu ni kitu gani changu kitakacholiwa, kwa maana zamu yake ya kuliwa, alisema, ilikwisha mwaka 2002.

Nilitaja migrivilea. Niliipanda mwaka 1990, miti ishirini na miwili, nikiwa na nia kwamba nikizeeka nitajitengenezea samani za nyumba nzima kwa mikono yangu, kwa namna ya yule fundi, bila misumari. Msumeno ulikuja mwezi wa Februari 2025. Tuliuza kumi na tisa. Ile mitatu niliyobakiwa nayo niliichana mbao, na kutokana nayo nikatengeneza meza ya kukatia nguo, futi nane kwa nne, pembe zote za tundu na ulimi. Zilizosalia zinakauka kibandani. Zatosha kiti kimoja, labda viwili.

Binti yetu alifungua kibanda mwezi wa Machi. Mimi ndimi ninayeandika daftari lake, kila Jumamosi jioni, naye hukasirika nikiuliza habari ya shilingi hamsini. Mwezi wa kwanza alipata shilingi 4,300, isiyotosha hata kodi. Mwezi wa tano alipata 11,000. Mwezi wa nane shule moja ilimpa sweta na sketi za watoto arobaini, akapata 23,500 baada ya kutoa gharama, lakini mwezi wa tisa ulishuka tena mpaka 14,000. Hajaufikia mshahara wake wa zamani, na safu ya migrivilea inapungua kama nilivyotazamia, au upesi kidogo. Karo ya muhula wa tatu niliilipa mimi. Amekonda, na sijapata kumwona akiamka mapema namna ile bila kuamshwa.

Juma lililopita mama yake alikwenda mjini na sketi yake mwenyewe, ile ya buluu, akataka ipunguzwe kiuno. Alitozwa shilingi mia moja kama mteja mwingine. Alilipa bila kubishana, nami nimeiandika.